Ng'ombe wa Mgeni kwa Nabii Isaya

Baba yangu hakuwa mtu wa kususa chakula. Kwa hiyo siku aliposogeza mbele sahani ya ugali wa ulezi na dagaa wa Kipili, dagaa ambao nilikaa nikiwachambua vichwa mwenyewe, akanawa mikono kabla hata ya tonge la tatu, nilijua nimegusa pabaya.

"Rudia," akaniambia.

"Nirudie nini, baba?"

"Hilo ulilolisema kuhusu Isaya."

Nikarudia. Nilikuwa nimetoka Kaengesa siku hiyo hiyo, kwenye mafunzo ya Biblia ambayo baadhi yetu walimu tulikuwa tunahudhuria wakati wa likizo, na nilikuwa nimejaa mambo hadi kooni. Nikamwambia kwamba wasomi wengi wanaona kitabu cha nabii Isaya hakikuandikwa na mtu mmoja. Isaya mwenyewe aliishi Yerusalemu enzi za wafalme, Waashuru walipokuwa wanawatisha majirani wote. Lakini ukivuka katikati ya kitabu unakuta watu wameshachukuliwa mateka Babeli, Yerusalemu ni magofu, na mfalme wa Waajemi anatajwa kwa jina lake, mfalme ambaye Isaya hakumwona wala kumsikia, maana alizaliwa Isaya akiwa ameshaoza zamani.

"Ameshaoza," baba akasema.

"Ameshalala, baba."

"Hapana, umesema ameoza. Haya, huyo aliyeandika baada ya nabii kuoza ni nani?"

"Hajulikani jina. Labda wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake. Wengine wanamwita Isaya wa pili. Halafu kuna wa tatu."

"Wa tatu!" Baba akasimama, akakamata fimbo yake. "Nimekisoma kitabu hicho kanisani tangu wewe hujazaliwa, nikijua namsoma mtu mmoja, kumbe nasoma kamati!"

Akatoka nje, akakaa kwenye benchi lake la ukutani akiwatazama kuku. Wiki nzima hakunisemesha ila kwa mambo ya lazima, kama chumvi. Nami nina hasira za karibu, sifichi, kwa hiyo nikanuna pia. Tukawa watu wazima wawili katika nyumba moja, mmoja akimwambia paka yale aliyotaka mwenzake ayasikie.

Inabidi nieleze hapa baba alikuwa nani, msomaji asije akadhani ni mzee mkorofi tu. Alikuwa katekista wa kigango chetu, huku upande wa Mollo. Paroko alikuja mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine zote padri wetu alikuwa baba, isipokuwa kugeuza mkate. Alifundisha watoto, alizika, alisuluhisha wagomvi, na zaidi ya yote alisoma masomo. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, yenye lafudhi ya Kifipa isiyotaka kufichwa, na aliposoma hata watoto wachanga walinyamaza.

Somo lake lilikuwa lile la Majilio, la nabii Isaya, kuhusu siku ambazo wanyama wakali na wanyama wapole watakaa pamoja. Mbwamwitu na mwana-kondoo, chui na mwana-mbuzi, ng'ombe na dubu. Kila Desemba kigango kilifurika kwa ajili ya somo hilo. Watoto waliuliza dubu ni nini, maana Ufipa hatuna dubu, na baba aliwajibu kwamba ni kama fisi aliyenenepa akapata na adabu. Halafu, mara baada ya ng'ombe na dubu, ilikuja ile aya ambayo kigango kizima kiliijua kwa moyo: *na ng'ombe wa mgeni watashuka mtoni kunywa maji, wala mwenye shamba hatawafukuza.*

Hiyo aya ilikuwa na kazi kwetu. Miaka ya nyuma ilihamia familia ya Kisukuma kutoka kule kaskazini, baba, mama, watoto na ng'ombe wengi kuliko tuliowahi kuona kwa mtu mmoja. Wakajenga juu, karibu na kilima, na mto uko chini, na katikati kuna shamba la maharage la shangazi yangu. Shangazi ni mdogo wake baba, mjane, mwembamba, na katika maisha yangu sijawahi kumwona akishindwa ugomvi. Ng'ombe wa kwanza alipokanyaga maharage yake alimrudisha kwa jiwe. Wa pili alimrudisha pamoja na mwenye ng'ombe, yule baba wa Kisukuma, na huyo mfugaji akaenda kushonwa kichwa zahanati. Vijana wakaanza kunoa mapanga pande zote mbili.

Ikafika Desemba. Baba akasoma aya ile, na kigango kikanyamaza kama maji mtungini. Jumatatu yake shangazi alichomeka vijiti kandoni mwa shamba lake, akaacha njia ya kupita ng'ombe hadi mtoni. Alisema hafanyi kwa mapenzi ya mtu, ila akishindana na nabii atavuna nini? Tangu hapo njia ikabaki, na kila Majilio aya ilisomwa, na kila mwaka shangazi aliguna ilipofika, lakini vijiti hakuving'oa.

Baada ya ule mgomo wa chakula ningenyamaza, ningekuwa na akili. Lakini mtu ukishapewa elimu mpya inakuwasha, lazima umkune nayo mwenzio. Jumamosi tukakutana jumuiya, nyumbani kwa shangazi, watu wa siku zote. Baba hakuja, alisema mgongo. Nikaomba nafasi ya kuwashirikisha niliyojifunza, nikapewa, nikaketi mbele kama mkaguzi wa shule.

Nikawaeleza kwamba manabii wengi wa kale walikuwa kwanza watu wa kusema, siyo watu wa kuandika. Walisimama sokoni na langoni wakapaza sauti. Waliowasikia ndio walioshika maneno, wakayakariri, wakayaandika kwenye ngozi, na waliokuja baada yao wakayanakili na kuyapanga, na walipopatwa na mambo mapya wakayaongezea. Nikawasimulia juu ya Yeremia, aliyekuwa na karani wake wa kumwandikia, na jinsi mfalme alivyokaa mbele ya moto akikata lile gombo kwa kisu kipande kipande na kukitupa motoni, na nabii akamwita karani wakaanza upya, na mara hii maneno yakawa mengi kuliko ya kwanza.

"Huyo mfalme alikuwa mjinga," shangazi akasema, akichambua mchele. "Amechoma, kazi imeongezeka."

Wakacheka, nami nikapata moto. Nikawaambia watazame tu nje ya dirisha, watazame matuta yetu ya mviringo, yale tunayoyaita ntumba. Nani kalitengeneza tuta? Unafukia majani, yanaoza, mwakani unalivunja na kulisambaza, unapanda, kisha unakusanya tena udongo ule ule na kufukia majani mengine. Ndani ya tuta lako kuna majani aliyofukia bibi yako. Ndivyo kitabu cha nabii kilivyo.

"Tuta lina mwenyewe," shangazi akanijibu bila kuinua macho. "Njoo uvune maharage yangu uone kama ni ya kamati."

Kumbe kaka mtu alishapita kwake kunisema.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Ualimu ni ugonjwa, niliwapa kazi ya nyumbani. Nikawaambia kila mmoja akakisome kitabu cha Isaya mwanzo hadi mwisho, atafute mwenyewe ni wapi sauti inabadilika. Walitikisa vichwa kwa heshima kama wanafunzi wangu wanavyotikisa, yaani hakuna atakayefanya. Isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa bwana shamba wetu, mtu wa Mbeya. Alipohamishiwa Sumbawanga ndugu zake walimsindikiza stendi wakilia, kwa ajili ya hizi habari zetu za kurogana kwa radi ambazo Tanzania nzima inazijua kuliko sisi wenyewe. Mwaka wa kwanza hakuthubutu kumkatalia mtu kitu, hata mtoto akimwomba baiskeli alimpa. Baadaye akaoa hapa hapa, akaingia Ukatoliki wetu, lakini alikuwa amelelewa katika kanisa ambalo mtoto anajua sura na aya kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Watu kama hao ukiwaambia wasome, wanasoma.

Jumamosi iliyofuata, kwa shangazi tena, hata sala ya kufungulia haijapoa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Kazi nimefanya. Sauti kweli inabadilika, nimeona, hata nimeshangaa. Ila nimekwama mahali. Wale ng'ombe wa mgeni wako sura ya ngapi?"

"Si pale kwa dubu," nikamjibu. "Ng'ombe na dubu, halafu inafuata."

"Kwa dubu nimefika. Baada yake ni simba anakula majani. Ng'ombe wa mgeni sijawaona."

"Labda ni tafsiri yako."

"Nimetazama tafsiri zote zilizomo kwenye simu."

Nikachukua Biblia yangu kwa kujiamini kabisa. Nikafungua. Ng'ombe, dubu, watoto wao, simba, majani. Nikageuza ukurasa mbele, nikageuza nyuma, nikahisi masikio yananichemka. Na mimi ndiye niliyekuwa nimefundishwa kukichambua kitabu hicho mshono kwa mshono! Likizo zote zile, na hata siku moja sikuwahi kuitafuta aya hiyo, maana nani anatafuta kitu ambacho anakijua tangu utotoni? Simu zikatoka mifukoni. Mmoja akasema labda ni kwa Yeremia. Mwingine akasema nadhani ni Zaburi. Chumba kikajaa watu wanaosaka ng'ombe.

Shangazi alikuwa ameweka ungo chini.

"Ngoja nielewe," akasema polepole, na sisi tunaomjua tukaanza kutafuta viatu. "Miaka yote hii nimegawa shamba langu kwa aya ambayo haipo?"

Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Haya. Mvua zimeshaanza na jembe ninalo. Hiyo njia nailima."

Kila mtu pale alijua maana yake. Njia ikilimwa sasa na kupandwa, kiangazi kikifika ng'ombe hawana pa kushukia. Kuzunguka kilima ni safari ya nusu siku, na ndama hawaiwezi. Yule mfugaji angelazimika kuhama tena, na mke wake na watoto waliokwisha kuanza shule hapa, kwenda kutafuta mahali pengine pa kupigwa mawe. Naye alikuwepo, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia magotini. Alitutazama mmoja mmoja, akavaa kofia, akasema, "Bwana asifiwe," akaondoka.

Nilikwenda nyumbani nikikimbia kama mtu anayewahi basi. Baba alikuwa kwenye benchi lake.

"Shikamoo baba. Ng'ombe wa mgeni wametoka wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha sentensi ndefu tangu ugali ule. Aliegesha fimbo yake ukutani. Kisha akasogea kidogo ili nikae.

"Kaa," akasema. "Wametoka kwangu."

Akanisimulia. Jumapili ile alisoma vizuri tu hadi kwa dubu, na alipofika kwa dubu aliinua macho, kama kawaida yake, awaeleze watoto. Badala ya watoto akamwona yule mfugaji. Alikuwa amesimama mlangoni, si Mkristo bado, kichwa kimefungwa bandeji, kofia mkononi, anaogopa kuingia na anaogopa kuondoka. Na kwenye benchi la mbele amekaa shangazi yangu, amekunja mikono.

"Nilitaka kueleza dubu," baba akasema. "Naapa, mama, nilitaka kueleza dubu. Mdomo ukaeleza ng'ombe. Tena kwa sauti ile ile ya kusomea! Nikasikia kigango kimenyamaza. Ningesemaje? Samahani, hapo ni mimi?"

"Na mwaka uliofuata?"

"Mwaka uliofuata nilidhamiria kabisa kuiacha. Nikafika kwa dubu nikanyamaza, na watu wakaisema wenyewe, wakidhani nimesahau."

Alikwenda kuungama kwa paroko wa wakati ule. Paroko alimpa sala nyingi za malipizi, akamkaripia kwamba maneno ya Mungu hayaongezwi kama chumvi. Kisha akamwomba aitaje tena hiyo aya, taratibu, na Desemba iliyofuata akaja mwenyewe kwenye kigango chetu kuisikiliza.

"Sasa mbona ulininunia mimi?" nikauliza, na hasira zikanipanda upya. "Wiki nzima, baba! Na dagaa wangu!"

"Kwa sababu miaka yote hii nilijua ndani ya kitabu kile kuna mwizi mmoja tu, na ni mimi. Nimelala na hilo, nimeamka na hilo. Halafu unakuja wewe na ugali wako kuniambia kumbe tulikuwa wengi!"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa shamba la dada yake.

Jumatatu asubuhi tulisikia jembe. Baba alichukua fimbo, macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia, kwa hiyo nikamshika mkono tukashuka. Shangazi alikuwa ameshang'oa vijiti vya mwanzo na kuvitupa pembeni, na alikuwa ameanza kuchimba njia ile, ngumu kwa kwato za miaka. Juu yake kidogo walisimama ng'ombe, na mbele yao yule mfugaji. Bwana shamba naye alikuwepo, uso umemsawajika, anamwambia kila mtu kwamba yeye aliuliza tu.

"Shikamoo kaka," shangazi akasema bila kuacha jembe.

"Marahaba. Dada, simama kidogo. Aya ile hakusema Isaya. Nilisema mimi."

Jembe likasimama.

"Wewe."

"Mimi."

"Kaka! Umeninyang'anya njia kwa jina la nabii? Mimi dadako, tulionyonya ziwa moja? Ungekuja ukaniomba!"

"Ungenipa?"

"Nisingekupa!"

"Basi," baba akasema.

Nikaona hapa elimu inahitajika. Nikaanza kueleza kwamba jambo hili si geni, hata wale waliomfuata Isaya hawakutia majina yao, hawakufanya hivyo kwa kuiba bali kwa sababu walijihesabu kuwa ni sauti ya yule yule mwalimu wao, na kwamba zamani mtu kuongeza neno chini ya jina la mkubwa wake ilikuwa...

"Nyamaza kidogo, mwalimu," shangazi akasema. "Nikuulize wewe uliyesoma. Hao walioongeza, nani aliwaruhusu?"

Nikafikiri. Lilikuwa swali zuri, na nilikasirika kwamba ni zuri.

"Sijui kama kuna aliyewaruhusu," nikasema. "Watu walisikia, wakayashika, wakayasoma tena na tena. Wasingeyashika yangepotea."

Akaguna. Ndipo mfugaji akasogea, akavua kofia.

"Mama," akamwambia shangazi, "mimi kusoma sijui sana. Siku ile nilikuja kanisani kutafuta mtu wa kuniombea msamaha kwako nihame kwa amani. Nilipoisikia aya hiyo nikasema, kama kitabu chao kinawajua ng'ombe wangu, basi na mimi kinanijua. Ndiyo nikabatizwa. Sasa kama si ya kitabu, nami nitaelewa. Niambieni tu nihame lini."

Shangazi aliegemea jembe lake muda mrefu. Baba alikuwa ananibana mkono hadi unauma.

"Jumapili ni siku ya somo lile," shangazi akasema hatimaye. "Nataka nikisikie kitabu chenyewe kinavyosema, bila kaka yangu ndani yake. Asome huyu, mwenye elimu. Asome kilichoandikwa, neno kwa neno. Kama ng'ombe hawamo, hawamo. Jumatatu namalizia kulima."

Akatia jembe begani, akaenda zake. Baba hakubisha. Nyumbani alinikabidhi kitabu cha masomo kwa mikono miwili, akaingia ndani kulala, na jua lilikuwa bado liko juu.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya paroko, na kigango kilijaa hadi watu wakasimama kwenye tope. Habari zilikuwa zimefika mbali, na nadhani baadhi yao hawakuja kwa ajili ya Mungu. Baba alikaa benchi la mbele, mikono juu ya fimbo. Shangazi alikaa upande wa pili, amekunja mikono vile vile kama zamani. Mfugaji alisimama mlangoni, ingawa nafasi ilikuwepo.

Nikapanda kusoma. Nilisoma mbwamwitu na mwana-kondoo. Nilisoma chui. Sauti yangu ni nyembamba, haifanani na ya baba hata kidogo, na mtoto mmoja akalia. Nikafika kwa ng'ombe na dubu. Nikavuta pumzi. Nikasoma simba na majani, kama ilivyoandikwa, nikaendelea na sentensi inayofuata.

Nilihisi kitu kabla sijakisikia. Kigango kizima kilikuwa kimenyamaza vibaya, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Wazee wa nyuma walikuwa wameshafungua midomo kwa ajili ya aya yao, na midomo ikabaki wazi. Niliinua macho nikamwona baba ameinamisha kichwa hadi paji la uso limegusa fimbo. Nikarudisha macho kwenye kitabu, nikaanza tena.

"Umeruka," ikasema sauti.

Nikaweka kidole kwenye mstari.

"Umeruka mstari," shangazi akasema. Alikuwa amesimama. "Rudi kwa dubu."

Nikamtazama paroko. Alikuwa amevua miwani yake, anaifuta kwa kanzu kwa bidii sana, na hakuinua uso.

"Shangazi," nikanong'ona, "umesema neno kwa neno. Haimo."

"Nimesikiliza," akasema, na sauti yake iliyumba, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Nimesikiliza bila hiyo aya. Imepungua. Mimi nimeisikia miaka yote hii, nimeichukia miaka yote hii, naijua. Rudi kwa dubu, mtoto wewe, watu tuna mashamba ya kupalilia!"

Nikarudi kwa dubu. Na nilipomaliza dubu sikuhitaji kusema kitu, kigango chote kilinipokea, wazee, watoto, bwana shamba wa Mbeya aliyejua fika kwamba haipo kwenye simu yake: *na ng'ombe wa mgeni watashuka mtoni kunywa maji, wala mwenye shamba hatawafukuza.* Mfugaji mlangoni alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Baba aliinua kichwa, machozi yakimtiririka bila aibu yoyote, nami nikasoma simba na majani huku nalia, kwa hiyo sidhani kama kuna aliyeelewa.

Nje baada ya misa, shangazi alimfuata kaka yake.

"Shikamoo, Isaya wa nne," akamwambia.

"Marahaba," baba akajibu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nilipompikia wale dagaa.

Kisha shangazi akamgeukia mfugaji, akamnyooshea kidole kifuani.

"Na wewe usifurahi sana. Nabii amesema maji. Maharage hakuyataja! Nikimwona yule ndama wako mwekundu mdomo wake uko shambani, hakuna Isaya atakayemwokoa."

"Nimesikia, mama," mfugaji akasema.

Njiani kurudi nyumbani fimbo ya baba iligonga mawe. Tulipofika karibu na njia ya ng'ombe akasimama.

"Umesikia alichosema dadangu?"

"Kuhusu maharage? Nimesikia."

"Ana haki," akasema. "Nilimwonea. Lishike hilo, lisipotee."

Majilio yaliyofuata baba hakuona tena hata mkono wake mwenyewe, kwa hiyo kusoma kukabaki kwangu. Paroko hakuwepo, barabara ilikuwa imekatika. Nilisoma mbwamwitu, chui, dubu, na watu wakaisema aya ya ng'ombe pamoja nami kama siku zote. Walipomaliza wakasubiri simba. Mimi sikwenda kwa simba. Yote niliyojifunza Kaengesa yaliniacha pale pale, nikabaki na shangazi kwenye benchi la mbele na mdomo wangu tu.

"Na maharage ya mjane," nikasoma, macho kwenye kitabu, "hawatayagusa."

Shangazi alifungua mikono aliyokuwa ameikunja. Bwana shamba alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Na baba, aliyekuwa amegeuza sikio lake upande wangu, akamwinamia dada yake akamwambia, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeona aliye karibu naye wala aliye mbali:

"Huyo wa tano."